Nyani Aliyesimuliwa Mchana

Kwetu Kigwa hadithi haisimuliwi jua likiwa juu. Mtoto akianza kusimulia mchana mama yake humkemea, "Nyamaza, utaota mkia." Watu wakishakula cha jioni, hapo ni ruhusa. Msimuliaji husema, "Natwika!" na waliokaa humwitikia, "Twika tukuone!" Akifika mwisho husema, "Natua," nao humjibu, "Tua upumzike." Maneno hayo tumeachiwa na babu zetu waliobeba pembe za ndovu mabegani mpaka pwani. Hawakuweza kuanza jambo wala kulimaliza bila kutaja mzigo.

Bingwa wa hadithi pale kijijini alikuwa Masolwa. Alikuwa na sauti ya simba, na ya sungura, na ya bibi kizee asiye na meno. Watu walivuka reli kuja kumsikiliza uani kwake. Na hadithi yake iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Nyani.

Nyani, kwa maneno ya Masolwa, alikuwa mvivu wa kutundika mizinga ya nyuki. Akamwacha mwenzake Nyegere atundike, yeye anatazama. Mizinga ilipojaa, Nyani akaenda kwa siri, akaupanda mti wa Nyegere. Nyuki wakamtokea, akaanguka, akafa na asali kidevuni. "Natua," husema Masolwa, kisha huinua kidole. "Na funzo lake, watoto?" Watoto huitika kwa pamoja, "Tusiibe mizinga ya watu!" Na watu wazima hugeuka kutazama upande wa nyumba yangu.

Kwa maana Nyani alikuwa mume wangu, Damas.

Damas na Masolwa walikuwa warina asali tangu ujana wao. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anapanda na moshi, kamba imemzunguka kiunoni na kupitishwa juu ya tawi. Mwingine anabaki chini ameshika mwisho wa ile kamba, ili aliye juu akiteleza asifike ardhini. Mtu wa chini haachii, hata nyuki wakimvaa usoni. Mpandaji alikuwa Damas, kwa mizinga yake na kwa mizinga ya Masolwa pia, kwa sababu Masolwa alikuwa mzito na kichwa chake kilizunguka akipanda juu.

Mwaka aliokufa Damas, vijana wetu wa Keya, jeshi la Mwingereza, walikuwa bado vitani Burma. Wawili hawa waliondoka asubuhi kwenda porini. Baadaye Masolwa akarudi peke yake na vilindo viwili vya magome vimejaa asali. Nilipomuuliza alisema, "Shemeji, tuliagana palepale njia panda, njia ya zamani ya misafara inapokatana na ya porini. Mwenzangu alitaka mwaka huu aende peke yake. Hajarudi?"

Wakata kuni za gari moshi ndio waliomkuta. Alikuwa amelala chini ya mti mrefu wa myombo, mgongo umevunjika, na mikono yake ilikuwa imechimba udongo. Hakufa upesi. Juu ya mti ulining'inia mzinga wenye alama ya Masolwa. Kamba haikuwapo.

Masolwa alilia mbele ya Mwanangwa Ngollo, mkuu wa kijiji chetu. "Rafiki yangu! Kumbe alikuwa ananiibia! Si angeniomba tu? Ningemnyima?" Watu wakatikisa vichwa. Wakasema Damas alipanda mbio mbio kama wezi wanavyopanda, hata kamba hakuchukua. Tulimzika. Katekista alisoma sala zote bila kuruka, Mungu ambariki, lakini waliokuja makaburini walikuwa wachache, na wengine walikuja kutazama tu.

Mimi nilijua kamba alichukua. Ilikuwa mpya, ya ngozi ya pofu, yule mnyama wa porini mkubwa kama ng'ombe, aliisuka mwenyewe usiku wa kuamkia safari. Asubuhi niliishonea kitambaa mwishoni, nilichokikata kwenye kanga yangu ya harusi, ili mtu wa chini aone kamba inapoishia kabla haijamponyoka. Niliikunja nikaitia mkobani kwa mikono yangu, Masolwa akiwa anamngoja ng'ambo ya reli. Hakuna mwingine aliyeiona. Nilimweleza Mwanangwa Ngollo haya yote faraghani, mimi na yeye tu.

"Mama Leonia," alinijibu kwa upole, "hiyo kamba iko wapi?"

Sikuwa nayo. Yakabaki maneno ya mjane.

Ningeweza kuyabeba hayo. Kisha Masolwa akaanza hadithi ya Nyani.

Nilimfuata kisimani, mbele ya wanawake, nikamwambia, "Shemeji, acha kumsimulia marehemu."

"Marehemu yupi?" Akashangaa kwa uso wote. "Shemeji, mimi nasimulia nyani. Wewe mumeo alikuwa na mkia?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka.

Niliposoma kwa Masista, mpaka darasa la nne tu, tulikuwa na kitabu cha hadithi za wanyama, na kila hadithi ilikuwa na funzo chini yake. Sista alikuwa analifunika funzo kwa kiganja, anatuuliza sisi tuliseme. Kila mmoja alisema lake. Kisha anainua kiganja, na lile lililoandikwa ndilo linakuwa la kweli. Nikajua mapema kwamba anayetoa funzo ndiye mwenye hadithi. Wanyama hawana neno, wanaburutwa tu. Na tena nikajua kwa nini Masolwa hakumtaja Damas kwa jina. Angemtaja ningempeleka barazani. Utamshitaki mtu kwa ajili ya nyani?

Kwa hiyo nilikaa kimya nikatazama. Jioni sauti yake ilivuka uani ikanikuta nasali rozari. Nilimwomba Mungu mambo mawili. La subira niliomba kwa sauti. La pili niliomba kimya, naye alilisikia vilevile.

Miaka ikapita hivyo, binti yangu Leonia akakua. Akapata mchumba, Bernardo wa Puge, kijana wa maneno machache na mikono isiyotulia bila jembe. Posa ilipokelewa. Kisha mama yake Bernardo, Josepha, akaja peke yake, akakaa kwenye kigoda changu bila kugusa uji niliomwekea.

"Mama Leonia, mtoto nampenda. Sitakuficha. Lakini habari imefika Puge. Watoto wanaimba njiani, binti Nyani, binti Nyani. Baba Bernardo amesema mtama ukishapurwa tutatoa jibu."

"Jibu la ndiyo au la hapana?"

Akatazama chini. "Nisaidie, mwenzangu. Nipe neno la kwenda kumwambia."

Leonia alikuwa nyuma ya mlango, alisikia yote. Hakulia. Alikwenda kwenye kinu akaanza kutwanga, na kinu kilikuwa kitupu.

Basi ni katika wiki ileile Masolwa aliponipa nilichokuwa nakingoja. Hadithi ikisimuliwa miaka mingi inachosha midomo ya mwenyewe. Watu walikuwa wameizoea, wengine walianza kupiga miayo, na Masolwa hakuweza kuvumilia miayo. Akawa anaipamba. Jioni moja nikasikia, huku nimeshika shanga za rozari: "Nyani akatoa kamba yake mpya ya ngozi, na mwisho wa kamba, jamani, kitambaa chekundu, kinachezacheza kama ulimi wa mbwa!"

Watu wakashangilia. Mimi nikasimamisha sala katikati ya Salamu Maria.

Ningetoka pale nikapiga kelele, angenijibu nini? Hadithi tu, shemeji. Mtu akishasema "Natwika" anaweza kusema ameona jua lina miguu, na hakuna wa kumdai ushahidi. Ilibidi ayaseme mchana.

Sikumwambia mtu, hata Leonia. Nilipika pombe ya mtama, nyingi, nikatangaza kwamba napura mtama wangu kwa ujima. Mwanangwa Ngollo nilimwita mwenyewe. Josepha nilimtumia salamu Puge aje ajionee nyumba anakotoka binti. Warina asali wa kijiji walikuja na mabinti zao na fimbo zao. Na Masolwa nilijua hahitaji kuitwa mahali penye mtungi. Alikuja na mke wake Pelagia, mwanamke mkimya ambaye hata salamu aliitoa kama anaazima.

Jua lilikuwa kati. Wanawake tulikuwa tumezunguka uwanja, tunapiga masuke kwa zamu, upande huu, upande ule. Wanaume walikuwa wamepumzika kwenye kivuli cha ghala, kata ya pombe inazunguka. Nikaegemea fimbo yangu nikasema kwa sauti kubwa:

"Natwika!"

Fimbo zote zikasimama.

"He!" Kuluthumu akasema. Huyu alikuwa jirani yangu, Mwislamu, muuza karanga pale stesheni, na mdomo wake haukupumzika hata mwezi wa Ramadhani. "Mama Leonia, jua limekupanda kichwani?"

Masolwa akapaza sauti toka kivulini, "Shemeji, utaota mkia!"

"Aotee wapi?" Kuluthumu akamjibu. "Kwaresima imemmaliza, hata pa kuuning'iniza hana!"

Wakacheka. Nami nikacheka. "Kwani ni kweli, shemeji?" nikamuuliza. "Wewe ndiye bingwa. Mchana mtu hawezi kabisa?"

"Hawezi," akasema Masolwa, akafurahi kuulizwa. "Yanayosemwa mchana si hadithi."

"Ni nini?"

"Ni habari za watu, shemeji. Ni mambo yaliyotokea."

"Mwanangwa, umesikia?"

Mwanangwa Ngollo akafuta povu kwenye ndevu zake. "Nimesikia. Tupe habari zako tuendelee kupura."

"Basi nina habari ya Nyani."

Hapo kicheko kilikufa. Josepha akashusha fimbo. Leonia alinitazama kama mtu aliyemwona mama yake anavua nguo njiani. Sikumtazama.

"Nyani alikwenda kwenye mti wa Nyegere," nikasema. "Akapanda kwa mikono mitupu. Nyuki wakatoka, akaanguka, akafa. Imekwisha."

"Ndiyo nini sasa?" Kuluthumu akalalamika. "Hata sijakaa sawa!"

Masolwa alikuwa ameshainuka. Nilijua atainuka. Huwezi kumharibia fundi chungu chake mbele ya macho yake akakaa. "Shemeji, umeiua! Hadithi nzuri vile umeichinja kama kuku wa mgeni! Mikono mitupu? Mti ule unapandwaje kwa mikono mitupu? Hauna tawi mpaka juu kabisa!"

"Mimi mambo ya porini siyajui. Nifundishe. Alipandaje?"

"Alikuwa na kamba."

"Ya gome."

"Gome gani! Ya ngozi, ngozi ya pofu, misuko mitatu, mpya, bado inanuka mafuta!" Akatoka kivulini akaingia uwanjani, juu ya mtama wangu. Watoto wakasogea. Aliwaona wakisogea, na macho yake yakawaka.

"Lakini ilikuwa fupi," nikasema.

"Ndefu! Inapita juu ya tawi, inashuka mpaka chini, inabaki!"

"Na mwisho wake kuna kitambaa cheupe."

"Chekundu, mama, chekundu! Chekundu chenye madoa meupe, kama kanga!" Akapanua miguu, akazungusha kamba isiyokuwepo nyuma ya kiuno chake, akashika mwisho wake kwa mikono miwili pajani, akainua uso juu. "Kiko hapa! Hapa mkononi! Kinapepea namna hii!"

Akabaki amesimama hivyo, akingoja washangilie.

Hakuna aliyeshangilia. Warina asali waliokuwa kwenye kivuli waliona kabla ya wengine. Hivyo hasimami mtu anayepanda. Hivyo anasimama mtu wa chini.

Nikaiweka fimbo yangu ardhini.

"Kitambaa kile nilikishona mimi," nikasema, "asubuhi aliyoondoka. Nilikikata kwenye kanga ya harusi yangu. Nikaikunja kamba, nikaitia mkobani, nikaufunga. Wewe ulisema mbele ya Mwanangwa mliagana njia panda. Ulikiona wapi, shemeji?"

Mikono yake ikashuka polepole.

"Shemeji... Ni hadithi." Akageukia watu, akacheka kicheko cha sungura wake, lakini hakikutoka vizuri. "Jamani, ni hadithi tu. Nyani, jamani!"

"Ni mchana, Masolwa," akasema Mwanangwa Ngollo. Alikuwa ameitua kata chini. "Umesema mwenyewe."

Josepha ndiye aliyeuliza, mgeni ambaye hakuwa na rafiki pale wala adui. "Na aliyeshika kamba alikuwa nani?"

Masolwa akamtazama, akanitazama, akawatazama warina asali wenzake, mmoja mmoja. Jasho lilikuwa limemtiririka mpaka shingoni.

"Ninyi hamkuwaona nyuki wale," akasema.

Ilitosha. Hata watoto walielewa.

Pelagia mke wake aliinuka katikati ya wanawake. Alijikung'uta makapi ya mtama, akashika njia ya kwao, nasi tulibaki tumesimama vilevile, hakuna aliyejua la kufanya na fimbo yake. Aliporudi alikuwa anamburuta mbuzi, mbuzi anapiga kelele, shingoni ana kamba ya ngozi imekuwa nyeusi kwa uchafu. Akamfungua palepale. Akaja akaniwekea kamba mapajani.

"Aliniambia aliinunua kwa Mwarabu, Tabora mjini," akasema. "Mbuzi ni wangu. Kamba ni yako, Mama Leonia."

Nilitafuta mwisho wake kwa vidole. Kitambaa kilikuwa kimekatwa. Matundu ya sindano yangu yalikuwapo yote, na katika tundu moja ulikuwapo uzi mwekundu.

Damas alikuwa juu, na Masolwa alikuwa chini. Nyuki walipokuja aliachia. Kisha, nyuki walipotulia, alirudi kuchukua vilindo vya asali, akamfungua mwenziwe kamba kiunoni, mwenziwe akiwa hai anachimba udongo kwa vidole, akaondoka. Woga ningeweza kuuombea. Ile kamba aliyomfungua siwezi.

Nikasimama. "Na funzo lake, shemeji?" nikamuuliza.

Siku zote alikuwa na funzo. Safari hii aligeuka akaondoka uwanjani. Nami sikusema "Natua," na hakuna aliyeniambia nipumzike.

Mwanangwa Ngollo alilipeleka shauri kwenye baraza la mtemi. Masolwa aliambiwa asimame mbele ya watu wote aseme kwa kinywa chake kwamba Damas hakuwa mwizi, kwamba alikuwa mpandaji wake, na kwamba alimwachia kamba. Akasema. Alisema kwa sauti ndogo, isiyokuwa ya simba wala ya sungura, na mzee mmoja wa baraza alimwambia arudie, hakusikika. Akarudia. Baada ya Pasaka Bernardo alimwoa Leonia, na Josepha ndiye aliyeongoza vigelegele kutoka kanisani. Siku hiyo watu walikwenda kaburini kwa Damas, wengi, wale wale ambao hawakuja kwanza, wakasimama na vichwa vimeinama. Niliwahesabu kwa macho na sikuwaambia ahsante.

Mwanamke mwingine angeridhika hapo.

Mimi nilitunga hadithi. Nilifanya kama Masolwa alivyofanya, sikumtaja mtu. Nyegere yuko juu ya mti anarina, Fisi yuko chini ameshika kamba. Nyuki wanakuja, Fisi anaachia. Nyegere anamwita kutoka ardhini, "Mwenzangu, usiniache," na Fisi anajibu, "Sikuachi, nimerudia kamba yangu tu." Sentensi hiyo niliitafuta siku nyingi mpaka nikaipata. Nikampa Kuluthumu. Jioni alipowasimulia watoto, walitaka tena na tena lile neno la Fisi, na kesho yake walilisema kisimani, machungani, mbele ya mlango wa Masolwa. "Nimerudia kamba yangu tu!"

"Mama Leonia," Kuluthumu aliniambia, "hii inauzika kuliko karanga."

"Iuze," nikamwambia. "Iuze kila gari moshi linaposimama."

Kigwa hakuna mrina asali aliyekubali tena kupanda Masolwa akiwa chini, wala kushika kamba yake yeye akiwa juu. Alikaa msimu mzima bila kwenda porini. Mwisho alifunga virago aende Usoke, akaanze upya mahali asipojulikana. Pelagia alikataa kumfuata, akabaki na mbuzi wake. Niliambiwa Masolwa aliposhuka stesheni ya Usoke wanawake waliokuwa wakiuza mihogo dirishani walimwangalia, na mmoja akamuuliza mwenzake, "Ndiye huyu?" Hadithi ilikuwa imefika kabla yake. Ilipanda gari moshi lilelile, tena haikukata tiketi. Puge Leonia aliipeleka mwenyewe, kwa ajili ya wale watoto walioimba njiani. Babu zetu walibeba pembe za ndovu katika nchi hii kwenda mashariki. Mimi mzigo wangu niliupeleka pande zote, na mabega hayakuniuma.

Kisha Padre akaja kwenye kigango chetu kuungamisha watu.

"Umemsamehe?" akaniuliza.

"Nimemsamehe, Padre." Na nilikuwa nimemsamehe, kila jioni, kwa maneno yote yaliyomo katika sala.

"Nimepita Usoke. Amenililia. Watoto wanamwita Fisi mpaka mlangoni. Mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, mama. Si haki aitwe mnyama. Hadithi imetoka kwako, nenda ukawakataze watoto."

"Nitawakataza, Padre."

"Waambie waziwazi."

"Nitawaambia waziwazi."

Jumapili baada ya ibada niliwakusanya watoto uwanjani mbele ya kanisa. Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa nimekwenda na kamba.

"Padre amekataza kumwita mtu Fisi," nikawaambia. "Ni dhambi. Tangu leo sitaki kulisikia."

Nyuso zao zikanywea. Binti mdogo mmoja wa mbele akauliza, "Sasa tutasemaje, bibi?"

"Mtasema Masolwa."

Wakatazamana.

"Pale mliposema Fisi, mtasema Masolwa. Pale mliposema Nyegere, mtasema Damas. Mti ni ule myombo uliopita njia panda, hata leo upo, baba zenu watawaonyesha. Na kamba ni hii. Shikeni."

Wakaipitisha mkono kwa mkono, wakatia vidole kwenye matundu.

"Kumbe si hadithi," yule binti akasema.

"Si hadithi. Hamwoni jua liko wapi?"

"Na mwisho tunasema 'Natua'?"

"Hamsemi. Hapo hakuna kutua."

Wakaanza upya, wote kwa sauti moja, na lile jina likaingia mahali pa Fisi bila kusukumwa. Walipofika kwenye lile neno walipiga kelele mpaka njiwa wakaruka kwenye paa la kanisa. Nikawaacha waendelee. Nikachukua ufagio wangu nikafagia uwanja, kama ninavyofanya kila Jumapili.